Joto la bahari ya Diani linaweza kuwasha stima, ila usikimbilie kushangilia

Hebu fikiria hivi. Ni saa mbili usiku, uko Ukunda, stima imepotea. Simu imebaki asilimia tisa, feni imenyamaza, na jirani yako anayeuza samaki anapiga hesabu kama barafu yake itafika asubuhi. Kilomita chache tu kutoka hapo, ng'ambo ya barabara ya hoteli, bahari imeota jua tangu asubuhi na maji bado ni vuguvugu. Joto lote lile, na wewe uko gizani!

Kuna watu wanaosema joto hilo linaweza kugeuzwa stima. Si mawimbi, si upepo wa baharini, si kupwa na kujaa. Joto lenyewe. Na si mambo ya filamu. Ni fizikia ya shule ya upili, na imewahi kuwasha taa za kweli katika nchi za watu. Ukiwa unaishi Diani, Msambweni, Gazi au Shimoni, una haki ya kuuliza: mbona isiwe hapa kwetu?

Swali zuri. Lakini Kwale tumeshaona miradi ikija na ahadi kubwa, kwa hivyo kabla hatujashangilia, tupige hesabu pamoja. Jibu langu nakupa mapema usije ukasema nimekuzungusha: stima ya joto la bahari inawezekana Kwale, lakini si ya kesho, na si ya bei rahisi. Ila ndani ya wazo hilo hilo kuna kitu kingine kinachoweza kutufaa mapema zaidi kuliko stima, nacho ni baridi.

Mtambo wenyewe unafanyaje kazi?

Maji ya juu ya bahari yetu yanapigwa na jua mwaka mzima. Ukishuka chini, mwanga hauingii na maji yanazidi kupoa. Ukifika mita 1,000, upande huu wetu wa Bahari Hindi, maji yana nyuzi 6 au 7 hivi. Hiyo ni baridi ya friji. Juu nyuzi 28, chini nyuzi 7. Pengo hilo la nyuzi 21 ndilo "mafuta" ya mtambo.

Sasa chukua kitu kinachochemka upesi, kwa mfano amonia. Ukiipitisha kwenye mabomba yaliyozungukwa na yale maji vuguvugu ya juu, inachemka na kuwa mvuke. Mvuke unasukuma mapanga ya mashine, mashine inazungusha jenereta, stima inatoka. Kisha mvuke unapelekwa penye maji baridi yaliyovutwa kutoka kilindini, unapoa, unarudi kuwa kimiminika, na safari inaanza upya. Amonia haimwagwi popote, inazunguka tu humo ndani. Hakuna moshi wala dizeli.

Na uzuri mkubwa ni huu: mtambo hauzimiki jua likizama. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya stima nchini yalipita megawati 2,300, na kilele hicho huja jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, tivi inaongea. Saa hizo sola imelala. Upepo nao una siku zake. Bahari haina jioni, maji yake hubaki na joto usiku kucha.

Mpaka hapo mambo ni matamu. Ngoja sasa.

Pengo la nyuzi 21 ni dogo. Ukilinganisha na moto wa dizeli au mvuke wa Olkaria, hili ni joto la chai iliyosahauliwa mezani. Sheria za fizikia zinasema kwamba kwa pengo hilo, hata mtambo usio na kasoro yoyote hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 7 ya joto kuwa stima. Ukiondoa hasara za kawaida za mashine, unabaki na asilimia 3 hivi.

Ili kufidia udogo huo, lazima usukume maji mengi ajabu. Kila megawati moja inataka takriban tani tatu za maji baridi kwa sekunde, na ya vuguvugu zaidi ya hapo. Mtambo wa megawati 10 ungekuwa unavuta malori matatu ya maji ya lita 10,000 kila sekunde, yote kutoka mita 1,000 chini, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Bomba la kazi hiyo lingekuwa na upana wa karibu mita nne. Matatu ya abiria 14 inapita humo ndani bila kukwaruza kioo.

Tulicho nacho Kwale

Kwa upande wa maumbile, hatujanyimwa. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, ukiiacha Ghuba ya Ungwana kule kaskazini, maji madogo ni ukanda mwembamba tu. Sakafu ya bahari inaporomoka kupita mita 200 ukiwa bado kilomita chache kutoka ufuoni. Mbele ya Shimoni kuna Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinafika takriban mita 800. Wavuvi wa huko hawahitaji kuambiwa. Ndiyo sababu wageni wamekuwa wakija Shimoni miaka mingi kufukuza sulisuli na jodari, samaki wa maji makuu.

Pili, tuko karibu na ikweta, na vimbunga vikali havitufikii mara kwa mara kama vinavyofika Msumbiji au Madagaska. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba nasi hatuna kinga kamili, lakini mahali pa kuning'iniza bomba la kilomita moja, afadhali kwetu.

Tatu, mahitaji yapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale, kwenye nyumba takriban 173,000. Tuseme nyumba moja ya kawaida inatumia yuniti 50 kwa mwezi. Megawati moja inayotoka saa 24 kwa siku ni yuniti 720,000 kwa mwezi, yaani nyumba zaidi ya 14,000. Megawati 10 zingekaribia kutosha nyumba nyingi za kaunti nzima kwa matumizi hayo ya kawaida.

Ukiona hesabu hiyo pekee yake unaweza kuandika bango la kampeni leo jioni. Usiandike bado.

Kusi inapovuma

Wanaosifia teknolojia hii hupenda kusema bahari ya tropiki ina joto mwaka mzima. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni nusu ya habari. Wewe mwenyewe unajua maji ya Machi si maji ya Agosti. Mwisho wa kaskazi, maji ya juu hufika nyuzi 29 na hata zaidi. Kusi ikishika kasi, mwezi wa Agosti, yanashuka mpaka karibu nyuzi 25. Kule chini kwenye mita 1,000 hakuna kusi wala kaskazi. Baridi ni ile ile.

Kwa hivyo pengo la Machi ni kama nyuzi 22.5, na la Agosti ni kama 18.5. Wataalamu wa mitambo hii hutaka pengo la nyuzi 20 au zaidi. Tofauti ya nyuzi nne unaweza kuiona ndogo, lakini nguvu ya mtambo haifuati pengo lenyewe, inafuata mraba wa pengo. Mtambo unaotoa stima 100 mwezi wa Machi utatoa kama 68 mwezi wa Agosti.

Bado hujalipia pampu. Kuvuta maji yale yote kunakula stima, na pampu hazijui ni mwezi gani. Tuchukulie zinakula 30. Machi unabaki na 70 za kuuza. Agosti unabaki na 38. Mtambo ule ule, wafanyakazi wale wale, mkopo wa benki ule ule, na mauzo yamekatika karibu nusu.

Kuna afueni kidogo: Agosti joto la hewa nalo hupungua Pwani, viyoyozi hufanya kazi kidogo. Lakini benki haikubali upepo mwanana kama malipo. Mtu yeyote atakayekuja kukuuzia mradi huu kwa kutumia wastani wa mwaka, muulize swali moja tu: "Agosti je?" Utajua upesi kama amewahi kukanyaga Msambweni.

Wengine walijaribu, yakawaje?

Wazo hili ni la zamani kuliko reli ya Mombasa. Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alilitoa mwaka 1881. Mwanafunzi wake Georges Claude akajenga mtambo Cuba, kwenye Ghuba ya Matanzas, mwaka 1930. Alipata kilowati 22. Shida ni kwamba mitambo yake ya kusukuma maji ilikula zaidi ya hizo. Na kabla hajafika hapo, bahari ilikuwa imeshamnyang'anya mabomba.

Mwaka 1981 Wajapani wakajenga mtambo katika kisiwa cha Nauru. Huo ulitoa kilowati 120. Kati ya hizo, kama 90 zilirudi kuendesha mtambo wenyewe, na zilizobaki zikawasha shule na majengo mengine. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu stima ilifika kwa wananchi kweli. Lakini angalia vizuri: robo tatu zililiwa jikoni kabla chakula hakijafika mezani.

India ilijaribu mtambo wa megawati moja juu ya jahazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikashindwa na bomba refu la maji baridi. Leo mitambo inayojulikana zaidi ni ile ya kisiwa cha Kume huko Japani, iliyoanza 2013, na ya Hawaii, iliyounganishwa na gridi mwaka 2015. Kila mmoja ni wa takriban kilowati 100. Kampuni ya Uingereza, Global OTEC, imetangaza mpango wa jahazi la megawati 1.5 kwa ajili ya São Tomé na Príncipe, visiwa vya upande wa pili wa Afrika.

Umeona mtindo? Visiwa, visiwa, visiwa. Nauru, Kume, Hawaii, São Tomé. Kisiwa kidogo kinachochoma dizeli iliyoletwa na meli hulipa stima ghali mno, kwa hivyo hata teknolojia ya bei ya juu inaweza kushindana hapo. Kwale si kisiwa. Tumeunganishwa na gridi ya taifa, na gridi hiyo inapata karibu nusu ya stima yake kutoka ardhini, Olkaria. Ni kweli Pwani bado ina mitambo ya mafuta Kipevu na Rabai, lakini mshindani halisi wa bahari ya Diani ni mvuke wa Naivasha, ambao ni wa bei nafuu na umeshazoeleka. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Usiiache Olkaria hapo, lakini

Olkaria ina somo lingine. Utafutaji wa mvuke ulianza miaka ya 1950. Stima ya kwanza ilitoka 1981, megawati 15 tu. Wako waliosema ni kupoteza pesa. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mvuke na inaongoza Afrika nzima. Robo karne ya kupima na kuchimba kabla ya taa ya kwanza kuwaka! Ukitaka kujua miradi ya namna hii huchukua muda gani, kipimo ndicho hicho.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Mtambo wa Olkaria III, unaoendeshwa na kampuni ya Ormat tangu mwaka 2000, haupeleki mvuke wa ardhini moja kwa moja kwenye mashine. Unatumia joto hilo kuchemsha kimiminika kingine kinachochemka upesi, kisha mvuke wa kimiminika hicho ndio unaozungusha mashine. Soma tena sentensi hiyo. Ndiyo kanuni ile ile ya mtambo wa bahari, tofauti ni kiwango cha joto na mahali maji yanapotoka. Maana yake ni kwamba nchini humu humu kuna mafundi na wahandisi wa Kenya wenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20 wa mashine za ukoo mmoja na hizi. Tusichokuwa nacho ni ujuzi wa bomba la kilomita moja baharini.

Baridi yenyewe ndiyo mali

Sasa tuje kwenye lile nililokuahidi. Tuseme tumesahau stima kabisa. Tumevuta tu maji baridi. Yanaweza kutufanyia nini?

La kwanza ni kupoza majengo. Ukitembea usiku nyuma ya hoteli yoyote kubwa ya ufuoni utasikia viyoyozi vikinguruma, na mara nyingi hicho ndicho kifungu kizito kwenye bili ya hoteli. Mwaka 2006 hoteli moja ya InterContinental huko Bora Bora, kwenye visiwa vya Polynesia vya Ufaransa, ilizamisha bomba mpaka karibu mita 900 na kuanza kupitisha baridi ya bahari kwenye vyumba vyake. Stima ya viyoyozi ilipungua kwa takriban asilimia 90. Hakuna amonia wala mapanga. Ni pampu na mabomba tu. Jiji la Toronto nalo linapoza majengo yake ya katikati ya mji kwa maji ya Ziwa Ontario tangu 2004.

Fikiria kidogo: kuokoa yuniti moja pale Diani ni sawa na kuzalisha yuniti moja, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Lakini hapa pia tusidanganyane. Honolulu ilipanga mradi wa namna hiyo kwa miaka mingi, ukafutwa 2020 gharama zilipopanda. Hoteli moja haiwezi kubeba bomba peke yake labda iwe ya matajiri wa Bora Bora. Hoteli kumi zikichanga, na zikiwa zimekaa mstari mmoja kama zilivyo kati ya Diani na Galu, hesabu inabadilika.

La pili ni maji ya kunywa. Kisiwani Kavaratti, upande wa kusini-magharibi wa India, kuna mtambo tangu 2005 unaotumia pengo hili la joto kutengeneza maji matamu kutoka kwa maji ya chumvi, kama lita 100,000 kwa siku. Na hauhitaji mita 1,000. Bomba lake linashuka mita 350 hivi. Mwambie mtu wa Wasini, kisiwa ambacho kwa vizazi kilitegemea mvua na visima vya chumvi, kwamba kuna watu wa kisiwa kama chake wanaopata maji hivyo, kisha umwangalie uso. Ni kweli pia kuna njia ya sola, kama ule mtambo wa kusafisha maji ya bahari uliowekwa Kiunga, Lamu, mwaka 2018. Nayo ilinganishwe. Cha muhimu ni lita moja inatoka kwa shilingi ngapi.

La tatu ni kilimo cha baharini. Maji ya kilindini ni baridi, ni safi, na yamejaa virutubisho. Kisiwani Kume wanayatumia kufuga kamba na kulima aina za mwani, na shughuli hizo za maji baridi ndizo zilizowapa kazi watu wengi, si ule mtambo wa stima. Huku kwetu akina mama wa Kibuyuni wanalima mwani na wanajua joto la maji likizidi mmea unaugua na mavuno yanaporomoka. Baridi hiyo ingekuwa na wateja hapa hapa.

Kwa hivyo ukiulizwa, usiseme "mradi wa stima". Sema mradi wa maji baridi, ambao stima ni mmoja wa watoto wake, na pengine wa mwisho kuzaliwa.

Mwamba, kasa na wavuvi

Bomba likitoka baharini kuja nchi kavu, lazima livuke mwamba. Mwamba wa Diani ndio unaotulinda na mawimbi, ndio unaolea samaki, ndio watalii wanaokuja kuuona. Tayari uliumizwa vibaya na joto la 1998, matumbawe yalipopauka na mengi yakafa. Ufuoni nako kasa hupanda kutaga mayai.

Halafu kuna suala la kumwaga. Maji uliyoyavuta lazima yarudi. Ukiyamwaga karibu na mwamba, virutubisho vile vinaweza kuotesha majani ya baharini mpaka yafunike matumbawe, na baridi ya ghafla nayo ni mshtuko. Dawa inajulikana: yarudishwe chini, mbali na mwamba, makumi ya mita chini ya uso wa bahari. Lakini dawa hiyo inaongeza gharama, na gharama ndiyo kitu cha kwanza kinachokatwa pesa zikipungua. Hapo ndipo macho ya vijana yanahitajika.

Na wavuvi wasije wakaambiwa mwishoni. Historia ipo. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale. Wavuvi wakapinga, na hifadhi ikabaki zaidi kwenye karatasi kuliko majini. Nia inaweza kuwa njema kabisa, lakini mradi wa baharini usioanzia kwa wenye bahari haufiki mbali.

Nani atafaidi?

Hili ndilo swali lenyewe, rafiki yangu. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba Kwale mwaka 2013, ikafunga kazi ya uchimbaji Desemba 2024, madini yalipokwisha. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii inayoishi palipo na mgodi, 20 ya kaunti na 70 ya serikali kuu. Mjadala wa lini na vipi sehemu ya jamii itafika mikononi mwa wananchi uliendelea miaka na miaka, mashimo yakichimbwa.

Upande wa mvuke, Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha hivi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali. Sasa jiulize: joto la bahari ni la nani? Mtambo ukikaa juu ya jahazi kilomita kumi kutoka Shimoni, jamii ya mahali ni nani? Ni wavuvi? Ni Wasini? Ni Ukunda inayopokea waya? Afadhali swali hili lijibiwe kabla ya bomba kushuka. Likijibiwa baada ya hapo, jibu litakuwa na mawakili.

Mfano mzuri tunao, na hauko ng'ambo. Uko Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unalinda kama hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Pesa zake si nyingi ukilinganisha na mgodi, lakini wanakijiji wa Gazi na Makongeni hukaa na kuamua wenyewe: maji, shule, upandaji mikoko. Mradi mdogo ambao wenyeji wanashika kalamu umewapa watu kitu wanachoweza kukigusa.

Sasa wewe ufanye nini?

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hivyo la kwanza ni kupima. Kabla mtu hajazungumzia megawati, tuwe na vipimo vya joto la bahari ya Kwale kutoka juu hadi chini, kila mwezi, kwa miaka kadhaa. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa na ina meli ya utafiti, RV Mtafiti. Kifaa cha kupima joto kwenye kina si chombo cha kwenda mwezini. Ukiwa mwanafunzi wa uhandisi au sayansi ya bahari pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani, hiyo ni tasnifu inayokusubiri. Na vipimo hivyo viwekwe wazi, kila mtu avione.

La pili, kaunti ikitayarisha mipango yake ya kawi, nenda kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma. Najua, vikao hivyo huitishwa asubuhi ya Jumanne na hutangazwa jana yake. Nenda hata hivyo. Uliza kuhusu baridi kwa hoteli na maji kwa Wasini kabla ya kuuliza kuhusu stima. Omba hesabu ya Agosti. Omba kujua maji yatamwagwa wapi na kwa kina gani.

La tatu, usikubali kuchaguliwa kati ya "ndiyo" na "hapana". Kuna watakaokuambia teknolojia hii itamaliza shida ya stima Pwani. Kuna watakaokuambia ni upuuzi wa wazungu. Wote wawili wanakuokolea kazi ya kufikiri, na kazi hiyo ni yako, kwa sababu bomba likishuka litakaa miaka 30. Ukiwa na miaka 20 leo, utakuwa na 50 likitolewa.

Usiku wa leo, stima ikipotea tena, jirani yako bado atahangaika na barafu yake. Mtambo wa bahari hautamwokoa mwaka huu wala mwaka ujao. Kwa sasa anahitaji waya usiokatika na pengine friji ya sola pale bandani. Lakini kilindini, chini ya mashua za Shimoni, kuna baridi isiyoisha, na siku moja mtu atakuja kuitaka. Akija, akukute umeshapima.